Mzee, Shuka Kwanza

Kila jioni mnapita hapa kwangu mkielekea ziwani, na hakosekani mmoja wenu wa kusimama kwenye uzio na kuniuliza: Mzee Hamisi, katika kazi yako ya magari, kitu gani kilikuwa kigumu kuliko vyote? Mnangoja niseme injini, au gia, au umeme wa magari ya siku hizi. Nikijibu mnacheka, mnaenda zenu kuoga. Sasa nimeamua kuandika, kwa sababu mtu anayeandika hakatizwi kauli.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kumteremsha mzee kutoka kwenye gari.

Najua mnayojua. Mmeona kwenye simu mtu mmoja safi, kwenye sakafu safi, akiinua jipu kwa dakika chache huku muziki unapigwa. Mtu yule hana shangazi ndani ya gari. Hana mlima, hana matope, hana kreti za bia, wala hana watu wanaomwambia kwamba baba yao alikuwa akifanya vingine. Mpeni hivyo vyote, kisha mnionyeshe tena hiyo video.

Mimi maisha yangu yameishia kwenye majipu. Huku Gisenyi kila gari refu lenye kwenda milimani tunaliita jipu, hata kama mwenyewe analiita jina jingine la bei. Nimeyaendesha, nimeyatengeneza, nimelala ndani yake, na yamenilipa kwa kunipa haya magoti mnayoyaona. Kazi nilijifunza ng'ambo ya mpaka, Goma, kabla familia yetu haijarudi huku, kwa fundi mmoja anayeitwa Kasereka.

Kasereka alikuwa mfupi mwenye makalio mapana, na makalio hayo yalikuwa kifaa chake cha kazi. Kabla ya kuinua gari, akishalifunga kila upande, aligeuka akalipa mgongo, akalisukuma kwa makalio: mara moja kutoka mbele, mara moja kutoka nyuma. Likitikisika juu ya springi zake, hapo sawa. Likisogea chini, hata unene wa kidole, alirudi kutafuta mawe. Wateja walicheka. Yeye hakucheka.

"Gari inaweza danganya mikono," alituambia, "sababu mikono iko na haraka. Matako haijue haraka."

Nilikuwa kijana, nikaona huu ni ushamba. Siku moja akanipa jipu la zamani lililosimama kwenye mteremko, akaniambia nitoe gurudumu la nyuma. Nikavuta breki ya mkono mpaka ikalia, nikaweka jeki, hiyo ambayo sisi tunaiita kriki, nikaanza kupampu kwa mbwembwe. Gurudumu lilipoachana na ardhi tu, gari likaanza safari. Nilibaki nimeshika mkono wa kriki kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe anayeondoka. Lilienda kidogo tu, likagota kwenye mawe mawili makubwa ambayo Kasereka alikuwa ameyapanga nyuma ya magurudumu bila kuniambia.

Akaja taratibu, anakula karanga. "Umevuta fren ya mukono?"

"Nimevuta, fundi."

"Bon. Ile ni ahadi ya mulevi."

Kisha akanieleza, na ninyi shikeni hapa maana video haisemi. Majipu mengi ya zamani breki yake ya mkono haikamati magurudumu yenyewe. Inakamata ule mti wa chuma unaozunguka katikati, chini ya gari, kupeleka nguvu nyuma. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini, yanashikana vizuri. Ukiinua moja, lile la angani linapata uhuru wa kuzunguka, na kwa jinsi meno ya kule nyuma yalivyopangwa, la chini nalo linapata uhuru wake wa kwenda upande mwingine. Breki umevuta, gia umetia, na gari linakuaga. Kinachoshika gari ni jiwe. Breki ni ya kumfurahisha mwenye gari.

Hata jiwe nalo si kila jiwe. Sisi hapa tumezungukwa na mawe meusi ya volkano, yamejaa kila shamba, na mgeni akiona jiwe kubwa anadhani amepata. Liinueni kwanza. Likija mkononi kwa urahisi kuliko ukubwa wake, lina matundu ndani. Gari likiliegemea linakuwa unga. Mimi nalipiga kwa spana. Jiwe zito linajibu kwa sauti kavu, jiwe la matundu linajibu kwa uvivu. Chini ya kriki msiweke jiwe lolote, wekeni ubao. Mimi nilikuwa na wangu wa mkalitusi, unene wa ngumi, upana wa sinia, nikatembea nao miaka yote nyuma ya kiti. Mke wangu Mariamu aliwahi kuutumia kukatia nyama siku ya wageni, na kwa muda mrefu kila nikitoa gurudumu, mbwa wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kuangalia.

Basi sasa niwaambie habari ya Fideli.

Fideli alikuwa mtoto wa dereva mwenzangu aliyefariki, na mimi ndiye niliyemfundisha usukani na spana. Kijana mzuri, mchapakazi, mikono yake mizuri kuliko yangu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: ndiyo. Mzee mmoja akimwambia pita kushoto, ndiyo mzee. Mwingine akimwambia pita kulia, ndiyo mzee. Angeweza kusimama katikati ya barabara mpaka jioni akiwaheshimu wote wawili. Tunasema heshima si utumwa, lakini huyu ilikuwa bado kidogo avishwe pingu.

Kijana huyu akampenda Klodina, binti wa juu kule Nyundo. Klodina hakuwa na baba. Alilelewa na baba yake mdogo, Mzee Gaspari, mfanyabiashara wa viazi mwenye fimbo na macho ya mtu anayechagua viazi. Tulipokwenda mara ya kwanza kubisha hodi, tulichelewa. Tulichelewa kwa sababu msemaji wetu, Mzee Anastazi, alikuwa anapiga pasi nguo zake na hakutaka kusaidiwa. Nyote mnamjua mtu wa aina ya Anastazi. Mnene, mtanashati, kinywa kimejaa asali. Hakuna familia inayokwenda kuoa mtaani kwetu bila kumwomba aisemee. Anaweza kumwomba mtu ng'ombe, na yule mwenye ng'ombe akashukuru.

Gaspari alitupokea, akamsikiliza Anastazi mpaka mwisho, kisha akasema maneno mawili. Sherehe zetu ni za Kinyarwanda, lakini sisi tuliokulia ng'ambo ugomvi tunaufanya kwa Kiswahili, na aliposikia Kiswahili kikianza, Fideli akajua mambo si mazuri.

La kwanza: "Siku ya gusaba mukichelewa tena, mutakuta mulango imefungwa, na mi mwenye ufunguo nitakuwa nalala."

La pili alilisema akimwangalia Fideli kichwa mpaka kiatu: "Kijana ni muzuri. Lakini anasema ndiyo kwa kila mutu. Mutu wa ndiyo mingi, nyumba yake inajengwa na majirani."

Fideli akajibu, "Ndiyo, mzee." Klodina, aliyekuwa ameleta vinywaji, akafumba macho.

Ikafika siku yenyewe ya gusaba, siku ya kwenda kumwomba binti mbele ya ndugu wote. Mimi nilikuwa dereva wa jipu la mbele, gari refu la zamani ambalo kazi yake ya magurudumu ya mbele ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo lilikuwa linasukumwa na ya nyuma tu. Ndani nilikuwa na Fideli amevaa suti, shangazi zake kwenye viti vya ubavuni, kreti za bia miguuni mwao, na kiti cha mbele amejaa Mzee Anastazi, vazi lake jeupe limefungwa begani, anafanya mazoezi ya hotuba kimya kimya kwa kutikisa kidole. Safari hii tulitoka mapema. Niliona fahari hata nikapiga honi kwa watu nisiowajua.

Tulipita Nyundo, tukaacha lami, tukaanza kupanda katikati ya mashamba ya viazi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye mwinuko wenye kona, gurudumu la nyuma kushoto likapiga kelele ya kukata tamaa, gari likainama upande huo, na shangazi mmoja akaanza kusali.

Nikasimamisha pale pale kwa kuwa pa kusogea hapakuwepo. Mbele mlima, nyuma mteremko na kona, na chini ya kona shamba la mtu. Nikatia gia, nikavuta ahadi ya mlevi, nikateremka na Fideli kutafuta mawe. Jiwe moja zuri tulilipata, zito, pana juu, nikaliweka nyuma ya gurudumu la mbele kulia na kuligongea ndani kwa nyundo. La pili zuri tukalikosa. Nikaweka jiwe la matundu nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, huku nikiliambia kwamba silitegemei. Nikageuka, nikalisukuma gari kwa makalio. Halikusogea.

"Haya," nikasema mlangoni, "wote chini."

Shangazi walishuka, wameshika nguo zao, wanalalamika kwa adabu. Kreti zikashushwa. Mmoja akauliza kwa nini tusiweke kreti za bia chini ya gari badala ya kuhangaika na ubao, maana zimetengenezwa na watu wenye akili. Nikamwambia kreti ni ya kubeba bia, na ubao ni wa kubeba kriki, na kila mtu abaki na mzigo wake.

Mzee Anastazi hakushuka.

"Mzee, shuka kwanza," nikamwambia.

"Hamisi, mi siwezi shuka. Matope iko mingi na nguo iko nyeupe."

"Siinui gari na mtu ndani."

"Donc mi ni mutu? Mi ni musemaji. Nikikanyaga matope hapa, maneno yote itanitoka kwa miguu."

"Mzee, tunachelewa."

"Unachelewesha wewe. Pandisha tu, nitakaa mwepesi."

Vijana, niliwahi kubishana na maaskari wa mpakani, niliwahi kubishana na Mariamu, lakini sijawahi kuona mtu mwenye sababu nyingi kama Anastazi akiwa amekaa. Alisema magoti yake. Alisema upepo. Alisema kwamba uzito wake ni faida, unashikilia gari lisiruke. Mimi nikakaa kwenye ubao wangu, nikakunja mikono, nikamwambia tutamsubiri hapo mpaka Klodina aolewe na mwingine. Hapo Fideli akaniangalia kwa uchungu mpaka nikamwonea huruma, lakini sikuinuka. Mwisho shangazi wakatandika mifuko mitupu ya viazi waliyoiokota shambani kutoka mlangoni mpaka kwenye majani, na Anastazi akashuka juu yake kama harusi ni yake.

Nikaanza kazi. Nati za gurudumu nazilegeza gari likiwa bado chini, robo mzunguko kila moja, maana ukizilegeza gari likiwa juu unalitikisa lianguke. Ubao chini, kriki juu yake, kichwa cha kriki chini ya ekseli, karibu na gurudumu, si chini ya lile tumbo la mafuta la katikati. Nikapandisha taratibu. Gurudumu bovu likatoka, na papo hapo nikalilaza chini ya fremu ya gari. Hilo nalo lishikeni: gurudumu ulilolitoa lisikae kando linaota jua, liingie chini ya gari lilale pale, ili mambo yakiharibika gari lipate pa kuangukia. Nikaenda nyuma kuchukua la akiba, likiwa limefungwa kwa waya na mtu asiyempenda Mungu.

Wakati napambana na waya ule, Mzee Anastazi alikuwa amesimama kwenye majani anahema. Msemaji, mzee, anahema, na wote wanamwona. Fideli angefanya nini? Akaangaza macho, akaona jiwe moja zuri, pana juu, safi. Akaligonga kwa kiatu likatoka, akalibeba kwa mikono miwili, akalipangusa kwa leso yake ya harusi, akaliweka nyuma ya Mzee Anastazi.

"Mzee, karibu, kaa."

Mzee akakaa, akambariki.

Mimi nilirudi nikisukuma gurudumu la akiba, sijui lolote. Nati moja ilikuwa imedondoka na kuviringika chini ya gari. Fideli, akiona nimechoka, akapiga magoti na suti yake, akaingiza mkono chini ya gari kuitafuta. Sikuwaza. Nilimpiga mkono ule kwa spana, juu ya kiganja, kwa nguvu, akauvuta akilia. Shangazi wote wakanigeukia. Mmoja alikuwa ameshafungua mdomo kunitukana.

Hapo lile jiwe la matundu likasema neno lake la mwisho. Tulisikia kitu kinasagika. Gari likarudi nyuma, taratibu kabisa, kriki ikalala ubavu, na jipu zima likashuka, pap, likakalia lile gurudumu bovu nililolilaza chini. Likatulia hapo, limeinama. Pale palipokuwa na mkono wa Fideli palikuwa na chuma.

Mimi nikashika gari lile lile lililotaka kuniaibisha. Nikaenda kuangalia gurudumu la mbele kulia, nikakuta shimo tupu.

"Jiwe langu liko wapi?"

Fideli akaangalia chini. Shangazi wakaangalia Mzee Anastazi. Mzee Anastazi akaangalia kati ya magoti yake, akanyanyuka pole pole, akaligeukia jiwe, akasema, "Yewe. Mi niko nakalia breki."

Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na mimi nimelitumia neno hilo kuwakemea wengi. Lakini chini ya gari, mtu anayesikia la kila mkuu ndiye anayevunjika. Nilimwambia Fideli hivyo pale pale, kwa hasira, na nikaongeza mengine nisiyoandika. Nikamwambia: gari halijui mzee wala mtoto. Ukiona mkubwa wako amekaa mahali pa hatari, heshima ni kumwondoa. Akasema ndiyo mzee, nikatamani kumpiga na ule mkono mwingine.

Kuliinua tena lilikuwa jambo refu. Ilibidi kuchimba, kutafuta mawe mpaka mashamba ya pili, na safari hii kila shangazi aliwekwa kulinda jiwe lake. Nati tukazikaza kwanza kwa mkono, kwa kuvuka, si kwa kufuatana; tukashusha, tukazikaza tena kwa spana; mbele kidogo nikasimama nikazipitia upya, wakati Mzee Anastazi anapiga kelele kwamba jua linatuacha.

Tulipofika, lango la Mzee Gaspari lilikuwa limefungwa. Tuliona mahema ndani, tulisikia ngoma imeshachoka. Anastazi akaanza kubembeleza kwa maneno yote mazuri aliyonayo, akamtaja ng'ombe, maziwa, asali na mababu. Lango likafunguka kidogo, akatokea Gaspari na fimbo yake.

"Mulikuwa wapi?"

"Pine ilitoboka, mheshimiwa," Anastazi akasema. "Mi mwenyewe nilikalia..." akakohoa. "Ni habari ndefu."

"Kila mutu mwenye kuchelewa iko na pine." Gaspari akamtazama Fideli, suti ina matope, kiganja kimevimba. "Nani alikupiga?"

"Mzee Hamisi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kunipenda," Fideli akasema, na watu wa ndani wakacheka. Gaspari hakucheka.

"Bon. Mumekuwa mafundi ya pine. Jipu yangu ile," akaonyesha kwa fimbo gari la kijani lililosimama kando ya uwanja, kwenye mteremko kidogo, limekalia gurudumu bovu, "tangu mvua inaanza, imelala. Huyu kijana atoe ile pine. Nikiona anajua, nitaamini habari yenu. Nikiona hajui, mutarudi na bia yenu."

Tukaingizwa ndani, na wageni wote wakahamisha viti kuangalia. Klodina akatokea mlangoni na wenzake, amevaa mshanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani. Nilitaka kusogea kusaidia, Gaspari akaniwekea fimbo kifuani. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa jipu lake, akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva, fimbo kati ya magoti.

"Fanya," akasema.

Fideli akavua koti. Akatafuta mawe, akayapiga kwa spana moja moja, akayatupa mawili, akagongea matatu. Akavuta breki na kuomba ruhusa ya kutia gia. Akageuka, mbele ya wakwe zake wote, akalisukuma gari kwa makalio. Watoto walifurahi sana. Akalegeza nati kwa mkono wake mzima. Akaweka ubao wangu, akaweka kriki, akashika mkono wake wa kupampu. Akasimama.

Nikajua anachofikiria. Nilimjua mtoto wangu huyu na ndiyo yake. Akiinua, kazi yangu yote imepotea. Asipoinua, mke anapotea.

"Muzee," akasema, "shuka kwanza."

Gaspari akageuza kichwa polepole. "Nishuke wapi? Hapa ni kwangu."

"Najua ni kwako. Shuka."

Mzee Anastazi akaingilia, uso umejaa jasho. "Anataka kusema, mheshimiwa, kwamba kama ingewezekana..."

"Nataka kusema ashuke," Fideli akasema.

"Mi ni muzito wa mufuko moja ya viazi," Gaspari akasema. "Gari itasikia nini?"

"Gari haitasikia kitu. Mi ndio nitasikia."

"Ukiniteremusha mbele ya watu yangu, huyu mutoto unaweza mukosa."

Fideli akamwangalia Klodina. Kisha akainama, akalaza mkono wa kriki kwenye majani, akajifuta mikono kwenye suruali ya harusi. Sauti yake ilisikika mpaka nje ya lango.

"Basi nitamukosa, muzee, na nitalia. Lakini siinue gari na mutu ndani."

Gaspari alikaa. Nafikiri aliangalia usukani wake. Mimi nilikuwa nimeshika bega la Anastazi, au yeye alikuwa ameshika langu, sikumbuki. Mwisho mlango ukafunguka, mguu mmoja ukatoka, na ule mkono wa Gaspari ukanyooshwa nje.

"Nishike," akasema. "Si na ule wenye kuvimba. Ule mwingine."

Fideli akamteremsha. Gaspari aliposimama chini hakuachia mkono ule, akawageukia ndugu zake. "Mi nimezeeka. Hapa nyumbani kila mutu ananiambia ndiyo, ata nikikosea. Nilikuwa naogopa kupeleka mutoto kwa ndiyo ingine." Akamgeukia Fideli. "Ukimuona Klodina iko mahali pabaya, utamuambia?"

"Nitamwambia."

"Na yeye akikuambia wewe?"

"Nitashuka," Fideli akasema.

Klodina alianza kulia na kucheka pamoja, shangazi wakamdaka. Mimi nililia waziwazi. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya ndoa yangu mwenyewe, na kwa ujinga nikamwambia Mariamu hivyo, akaninunia mpaka mahari ilipokwisha kuliwa. Gaspari akaamuru sherehe ianze, kisha akatulipisha faini ya kuchelewa vilevile, bia moja juu ya nyingine. Na gurudumu lake Fideli alilimaliza kabla ya kula, maana mkwe aliyeanza kazi haiachi nusu.

Sasa mmeelewa kwa nini mkiniuliza kitu kigumu najibu vile. Nati zinakazika. Kriki zimekuwa bora. Magari mapya yana breki nzuri kuliko za Kasereka. Wazee ndio wale wale, na ubishi wao haujabadilishwa na kiwanda chochote.

Juzi Fideli alinichukua kwenda Rubona kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Ana gereji yake sasa, ana watoto, ana tumbo dogo. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye ule mteremko wa kushuka bandarini, gurudumu likatoboka. Akasimamisha, akateremka, akafunga magurudumu, nikamsikia analisukuma gari kwa makalio. Kisha akaja dirishani kwangu, maji yanamtiririka usoni.

"Muzee, shuka kwanza."

Nikamweleza magoti yangu. Nikamweleza mvua. Nikamkumbusha ni nani aliyemfundisha kazi ile, na kwamba mimi siku hizi ni mwepesi kabisa, nimekonda, Mariamu mwenyewe anasema. Yeye akafungua mlango, akaninyooshea mkono, akangoja.

Nikashuka, ninanung'unika. Nikatafuta pa kukaa. Karibu na gurudumu la mbele nikaona jiwe moja zuri, pana juu, nikalikaribia, nikaanza kuinama.

"Muzee," Fideli akasema bila kugeuka, spana mkononi, "hiyo ni ya gari."

Nikasimama.